Kuikinga Miplamu na Mifyulisi dhidi ya Kidonda cha Bakteria

Mplamu au mfyulisi unapoanza kutoa utomvu shinani, wakulima wengi hukimbilia dawa ya wadudu kabla hawajaangalia chini ya gome. Chukua kisu kikali, ukwangue taratibu pale utomvu unapotokea. Ukikuta unga wa mbao umechanganyika nao, ndani yupo kiwavi anayetoboa. Lakini utomvu ukiwa safi, wenye rangi ya asali, na gome la chini limegeuka kahawia, limelowa na linanuka uchachu, yaelekea ni kidonda cha bakteria aitwaye Pseudomonas syringae. Mara nyingi mizizi hubaki hai, hivyo mti uliokauka juu huweza kuchipua chini. Machipukizi hayo yasikupe matumaini: ikiwa mti ulibebeshwa, yaani jicho la aina nzuri liliunganishwa kwenye mche mwingine wenye mizizi, hayo ni ya huo mche wa chini, wala hayatazaa tunda ulilolitaka.

Hakuna dawa ya kuuponya mti ambao bakteria wamekwisha kuingia ndani ya gome, kwa hiyo kazi yote ni kuwafungia njia, nazo njia zao ni majeraha ya mkasi, majeraha ya baridi kali, na makovu madogo yanayobaki majani yanapopukutika. Matone ya mvua ndiyo huwabeba kutoka tawi hadi tawi. Pogoa siku kavu tu. Lushoto, Tanzania, na kwingine kwenye majira kama hayo, naona wakati bora ni baada ya mavuno, kabla masika hayajaanza mwezi Machi. Kata tawi sentimita 30 hivi chini ya mwisho wa kidonda, kwenye gome zima. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Kisha choma matawi yote uliyoyakata.

Kinga ya kunyunyiza ni mrututu (chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu) na chokaa. Kwa bomba la lita 20, yeyusha gramu 200 za mrututu katika ndoo ya plastiki, koroga gramu 200 za chokaa iliyozimwa katika ndoo nyingine, kisha changanya na uchuje. Tumbukiza kisu cha chuma kilicho safi kwa dakika moja: kikitoka na utando mwekundu wa shaba, ongeza chokaa, maana dawa hiyo bado ni kali. Itumie siku hiyo hiyo. Nyunyiza majani yanapopukutika, na mara nyingine kabla macho ya matawi, yatoayo majani na maua, hayajafumuka, lakini usinyunyize kamwe juu ya majani machanga, kwa sababu miti hii huungua upesi.

Unaponunua miche, ichomoe uone mizizi. Nundu ngumu zenye uso wa kukwaruza karibu na shingo ya mche ni dalili ya bakteria mwingine, Agrobacterium. Mche huo ukatae hata ukipewa bure, kwa kuwa bakteria hao huendelea kuishi udongoni kwa miaka baada ya mti kung'olewa.