Bastola ndogo ya kubeba kiunoni: angalia mpini kwanza
Kama una leseni na unatafuta bastola ya kubeba chini ya shati, usianze na urefu wa mtutu. Kinachojichora kwenye nguo ni mpini, hasa ukiinama. Glock 19 inabeba risasi 15 na mpini wake unajaa mkononi. Glock 43 ni nyembamba, inajificha vizuri, ila inabeba 6 tu kwenye magazini, na kwa wepesi wake inaruka zaidi kila ukifyatua. Zijaribu zote mbili kwenye uwanja wa shabaha kabla hujalipa. Kidole cha mwisho kikikosa pa kushika, mimi ningeiacha. Ala, yaani mfuko wa kubebea bastola kiunoni, nayo iwe ngumu, ifunike triga yote. Zile za kitambaa laini zinajikunja na kuingia kwenye triga unaporudisha bastola, hatari kabisa.