Wanachama Hawaji Mkutanoni? Waendee Waliko

Mkutano wangu wa kwanza kama mwakilishi wa wafanyakazi ulihudhuriwa na watu 11, na tawi letu la chama cha wafanyakazi lina wanachama zaidi ya 200. Nilirudi nyumbani na hasira, nikisema wenzangu hawajali. Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa lilikuwa letu viongozi: tuliwaita waje kusikiliza mambo tuliyokwisha kuyaamua.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu mahudhurio, shika ajenda ya mkutano ujao ujiulize: mwanachama akija, atabadilisha nini? Weka angalau jambo moja ambalo bado halijaamuliwa, liandike kama swali, kisha lipigiwe kura. "Taarifa ya mazungumzo na mwajiri" haimvuti mtu. "Tudai kwanza nyongeza ya mshahara, au zamu za usiku zipunguzwe?" Hilo watu wataanza kulibishania hata kabla ya siku yenyewe.

Kisha waendee. Tangazo ubaoni na ujumbe kwenye kundi la WhatsApp hukumbusha tu, havimshawishi mtu. Orodhesha wanachama wote kwa idara na zamu, mgawane, kila mmoja wenu abaki na watu 10 hivi. Zungumza na mtu ana kwa ana, na muda mwingi usikilize. Mimi huuliza, "Ungepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja hapa kazini, ungebadilisha kipi?" Halafu nanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kugumu.

Mama mmoja wa usafi, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno mkutanoni, aliniambia glovu wanazopewa zinapasuka na dawa inawababua vidole. Ulimi uliwasha kumwambia, "Niachie mimi, mama." Badala yake nikamwomba aulize wenzake wa zamu na kuandika nani ameumia, lini, kwa dawa gani. Alirudi na karatasi yenye majina 14. Siku ya kuonana na menejimenti alikwenda yeye, na aliyezungumza ni yeye. Mimi nilikaa pembeni nikiandika. Siku hizi ndiye anayepita kuwakumbusha wenzake mkutano.

Viongozi wengi tunaharibia hapo hapo. Tunafanya kila kitu wenyewe kwa kuwa ni haraka zaidi, halafu tunalalamika tumeachwa peke yetu. Mpe mtu kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana: kugawa dodoso kwa zamu moja, au kuhesabu kura. Ukimwanzisha na kiti cha kamati cha miaka mitatu, atakukimbia.

Kuhusu saa, kama kuna zamu, fanyeni mkutano uleule mara mbili na kura zijumlishwe.

Halafu kuna suala la siri. Agosti 1980, wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk, Polandi, waligoma wakiwa na madai 21, na mazungumzo yao na serikali yalirushwa kwa vipaza sauti ili wenzao waliokuwa nje wayasikie. Huwa nawasimulia hilo viongozi wenzangu wanaopenda kufunga mlango. Huenda ninyi hamwezi kuweka vipaza sauti, lakini mnaweza kutoa muhtasari siku hiyohiyo, pamoja na yale mliyoshindwa. Mapato na matumizi ya ada nayo yasomwe mara kwa mara, kwa sababu anayekatwa mshahara kila mwezi bila kuona hesabu hukata tamaa kimyakimya.

Gaweni katiba ya chama pia. Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unatambua haki ya vyama vya wafanyakazi kujitungia katiba na kuchagua wawakilishi wao kwa uhuru kamili. Lakini mwanachama asiyejua kifungu cha kuitisha mkutano maalumu hawezi kukitumia dhidi yako, na ni lazima aweze.

Wabishi usiwanyime kipaza sauti. Kijana aliyenishambulia vikali kuhusu hesabu za tawi nilimshauri agombee ukaguzi. Akachaguliwa, na mara ya kwanza tu akakuta risiti mbili hazipo. Tulizitafuta pamoja, na taarifa akaisoma yeye mbele ya wanachama.