Kabla hujapima pH ya chumvi, pima maji kwanza

Karatasi za kiashiria, zile zinazobadilika rangi kuonyesha pH, zikae pakavu na kopo lifungwe mara tu ukishatoa moja, maana unyevu wa pwani unaziharibu. Usizishike kwa vidole vyenye jasho.

pH ni kipimo cha asidi na besi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Usiingie maabara ukidhani kila chumvi ni 7. Uliza imetokana na asidi gani na besi gani. Ya mezani wazazi wake wote wakali, hakuna anayemzidi mwenzake, inabaki 7. Sodiamu kaboneti, iliyomo kwenye magadi, ina besi kali na asidi dhaifu, kwa hiyo inaweza kuvuka 11. Amonia kloridi ni kinyume chake: moli 0.1 kwa lita hushuka hadi kama 5. Na kila hatua ni mara kumi, hivyo 5 na 7 zimeachana mara mia.

Sasa maji, hapa ndipo vijana wanapoumia. Kwetu Tanga kuna mawe ya chokaa, yale yale yaliyotoboka yakawa mapango ya Amboni, na maji yanayopita humo hutoka na haidrojeni kaboneti. Nimeona darasa zima likifanya jaribio la mazoezi kwa maji ya kisima, ya maabara yakiwa yamekwisha. Wakakoroga amonia kloridi, wakachovya karatasi: kijani, rangi ya katikati. Wengi wakaandika "si asidi" na alama zikaenda. Binti mmoja tu ndiye aliyesita. "Mwalimu, kwa hesabu yangu ilitakiwa iwe asidi. Mbona kijani?" Nikampa bika safi na maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa), chumvi ile ile. Karatasi ikatoka njano ya kuelekea chungwa, yaani asidi. Ile haidrojeni kaboneti ya kisimani ilikuwa inazinyakua ayoni za haidrojeni, zile zinazoleta asidi, ndiyo maana asidi haikuonekana.

Kwa hiyo chovya karatasi kwenye maji matupu kabla ya chumvi, na uandike ulichokiona. Hata maji safi yakikaa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi na kushuka hadi karibu 5.6, yachemshe, yafunike, yapoe. Ukinunua maji ya betri dukani uyatumie kama maji safi, soma lebo: asidi ya betri nayo huuzwa hapo hapo, na hiyo inaunguza ngozi na macho.

Mengine unayajua: andika jina kwenye kila bika, maana miyeyusho yote hiyo inafanana na maji. Suuza kijiti kila unapohama. Usionje, hata kama ni chumvi ya jikoni. Amonia kloridi usiichanganye na magadi kwenye chumba kilichofungwa, itatoa amonia ikukabe koo. Na wadogo wasiachwe peke yao humo ndani.