Kusomea utawala wa sheria bila kuwa wakili

Mimi ni muuguzi. Uzamili wangu wa utawala wa sheria (yaani kila mtu, hata serikali, kuwa chini ya sheria) na maendeleo niliusoma jioni, baada ya zamu. Soma kwanza masharti: kozi nyingine hudai shahada ya sheria, nyingine hupokea fani yoyote. Na haikufanyi wakili.

Kazi kubwa ni barua ya maombi. Usiandike tu kwamba unapenda haki. Mimi niliandika juu ya mama wa Mathare, Nairobi, aliyeingia kliniki na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha ya aliyeumizwa, imekunjwa mara nne, wino wa muhuri umefifia kwa jasho, sehemu ya daktari ikiwa tupu. Hapo ndipo nikaleta Ibara ya 48 ya Katiba ya Kenya ya 2010, kuhusu kuifikia haki. Hukumu za mahakama zisome bure kwenye tovuti ya Kenya Law, moja kila usiku.