Kahawa nzuri nyumbani bila mashine, kikaango tu kinatosha

Huku Moshi tuna kichekesho, mtu ana mibuni nyuma ya nyumba, kahawa anaiona tangu anazaliwa, halafu asubuhi anakoroga ya unga ya kwenye kopo. Na mi nilikuwa hivyo hivyo mpaka shangazi wa Kibosho akanipa kilo mbili za kahawa mbichi, zile mbegu za kijani zilizokobolewa kabisa, nikasema ngoja nijaribu. Ya kwanza niliunguza yote, jirani akaja kugonga geti akidhani nachoma matairi. Sasa hivi nimeshazoea, so nawaambia navyofanya.

Kwanza uzuri wa kahawa mbichi, ukiiweka pakavu inakaa miezi na wala haichachi, ila ikishakaangwa ina wiki mbili tatu za utamu halafu inaanza kupoa, na ikishasagwa ndo kabisa, siku chache tu harufu imekwisha. Kwa hiyo kaanga kidogo kidogo. Mi nakaanga gramu 200, zinabaki kama 170 hivi maana maji yanatoka, usishtuke ukapima ukadhani kuna mtu kadokoa.

Tumia kikaango kizito cha chuma au sufuria nene, nonstiki hapana, moto mkavu unaharibu ule mpako wake. Fanyia nje. Jiko la mkaa moto wa wastani, mbegu zisirundikane, na hapo mwiko usitoke mkononi, koroga mwanzo mwisho, simu weka mbali kabisa (mi ndo iliniponza). Zitatoka kijani zije njano, zinanukia kama nyasi kavu, halafu kama mkate, halafu kahawia na makapi yanaanza kuruka. Kwenye dakika ya 10 hivi, inategemea moto wako, utasikia pa! pa! kama bisi. Hapo ndo penyewe. Acha ilie mpaka milio ianze kupungua, ongeza nusu dakika, epua. Ukisubiri mpaka mbegu zing'ae mafuta umeshachelewa, utakunywa uchungu wa mkaa na sio kahawa.

Mwaga kwenye ungo hapo hapo, usiache kwenye kikaango maana chuma kina joto na inaendelea kuiva yenyewe. Pepeta, makapi yaende na upepo, ipoe haraka. Halafu ivumilie mpaka kesho yake ndo uinywe, ikitoka motoni bado ina gesi nyingi, ladha inakuwa haijatulia. Ikishapoa kabisa weka kwenye kopo lenye mfuniko, kabatini, mbali na jua.

Kusaga: kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu kinafanya kazi, au blenda, ila blenda washa zima washa zima isipate moto. Iwe na chenga chenga, isiwe vumbi. Saga ya kunywa leo tu.

Kupika sasa. Kikombe kikubwa cha mililita 250, vijiko vya chakula viwili vilivyojaa, kama gramu 15. Maji yakishachemka epua, hesabu mpaka 30, mimina kwenye jagi lenye kahawa, funika dakika 4. Wala usisubiri maji yapoe sana, huku tuko mita 800 na kitu juu ya bahari, yanachemka kabla hata hayajafika 100. Koroga lile povu la juu, chenga zizame, mimina taratibu kwenye chujio la chai. Ikiwa chungu sana saga chenga kubwa zaidi, ikiwa chachu na nyepesi saga laini kidogo, yaani ubadilishe kitu kimoja kwa siku, ukibadili vyote hutajua kipi kimeharibu.

Sukari na tangawizi ni wewe, ila onja kwanza kavu. Shangazi mwenyewe nilimpelekea ya kwenye chupa ya chai, akanywa vikombe viwili, akauliza nimeinunua duka gani.