SOMO: Kufumua na kupiga upya waya za Land Rover 109 ya zamani, hatua kwa hatua

Wakuu salama. Wanaonipigia simu kuhusu umeme wa Land Rover za zamani ni wengi na maswali ni yale yale, kwa hiyo naandika mara moja kila mtu asome kwa nafasi yake. Nazungumzia 109 (zile ndefu) za Series III, zile zilizotengenezwa 1971 mpaka 1985, umeme wa volti 12, hasi iko kwenye bodi. Kama yako ni Series II au IIA ya kabla ya 1967 hivi, angalia kwanza betri imefungwaje, maana za zamani zile zilikuja chanya ndo iko kwenye bodi, na ukifunga altaneta (ile inayochaji betri) au redio ya kisasa bila kujua hilo unaichoma palepale.

Kwanini ufumue zote badala ya kuungaunga? Hapa Dar gari linakula joto, linakula hewa ya chumvi (wa Kigamboni na Msasani mnanielewa), masika linaogelea, halafu miaka yote hiyo kila fundi aliyeligusa kaongeza waya yake. Ukifungua dashi unakuta waya zote nyekundu, waya ya spika ndo inapeleka umeme taa za nyuma, tepu imeyeyuka imekuwa gundi na huwezi kujua ipi inaenda wapi. Kuunga juu ya hapo ni kumwongezea kazi fundi anayekuja.

VITU VYA KUNUNUA
Waya ndo kila kitu, hapo usibane hela. Nenda Kariakoo au Gerezani ila usikubali waya kwa sababu ganda lake zuri. Siku hizi kuna waya nyingi ambazo ndani ni aluminiamu imepakwa shaba juu. Chomoa unyuzi mmoja, ukwangue kwa wembe, ukiona weupe ndani rudisha. Ukiushikia kiberiti cha gesi, wa aluminiamu unalegea na kukatika fasta, shaba inabadilika rangi tu. Na rola ya shaba ni nzito, ukiinyanyua utajua.

Waya ya nyumba, ile yenye uzi mmoja mgumu, HAPANA. Najua mafundi wengi wanaipenda kwa sababu inakaa ulivyoikunja. Gari linatetemeka, uzi mmoja unachoka, unakatikia ndani ya ganda na kwa nje huoni kitu. Tumia waya ya nyuzi nyingi.

Vingine: boksi la fyuzi za kisasa zile bapa, rilei (swichi inayoamshwa na umeme kidogo ili ipitishe mkubwa), terminali za kubana na praizi yake ya kubania (sio ya kawaida, na sio meno), mpira wa kusinyaa kwa moto, raba za kwenye matundu ya bati, kebo tai, msasa, grisi, na mita ya kupimia umeme. Kama huna mita usianze.

HATUA YA 1: USIKATE KITU
Toa hasi ya betri. Piga picha kila kona, kisha kila waya unayochomoa ifunge karatasi uandike imetoka wapi na ilikuwa inafanya nini. Juu ya maandishi zungusha solotepu nyeupe, jasho na oili vinafuta kalamu. Bando la zamani litoe zima kama lilivyo, litandaze sakafuni, ndo kipimo chako cha urefu. Ukishakata vipande umepoteza ramani.

HATUA YA 2: RANGI
Waingereza hawa walikuwa na mpango mzuri wa rangi na mimi nashauri uufuate, maana hata baada ya miaka kumi fundi yeyote anayejua Lucas (kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hizi) atasoma gari lako. Kahawia ni umeme wa betri moja kwa moja, upo muda wote, haujapita kwenye fyuzi. Zambarau nao upo muda wote ila umepita kwenye fyuzi, honi inakula hapo. Nyeupe ni umeme unaokuja ukifungua swichi ya funguo. Kijani ni ule wa swichi uliopita kwenye fyuzi, hapo ndo zipo indiketa, breki, waipa, geji. Bluu taa kubwa, bluu yenye mstari mweupe ni full, yenye mstari mwekundu ni dim. Nyekundu taa ndogo. Kijani yenye mstari mwekundu indiketa ya kushoto, kijani yenye mweupe ya kulia, kijani yenye zambarau taa ya breki. Nyeusi ni hasi, siku zote.

Waya za mistari hazipatikani kirahisi hapa mjini, usihangaike. Nunua rangi ya msingi, halafu kila mwisho weka kipete cha mpira wa rangi ya pili. Inatosha kabisa.

HATUA YA 3: UNENE WA WAYA NA FYUZI
Hapa ndo watu wanaunguza magari. Gawa wati kwa volti unapata ampea. Balbu ya H4, ile ya taa kubwa, ni wati 60 full na 55 dim. Mbili zikiwa full ni 120, gawa kwa 12, ni ampea 10. Waya ya milimita 1 za mraba inabeba kama ampea 8.75 tu, kwa hiyo haifai hapo, weka ya 2 ambayo inabeba 17.5. Ya 1 iache kwenye taa ndogo, breki na indiketa. Umeme mkuu kutoka betri kwenda boksi la fyuzi usishuke chini ya milimita 4.5 za mraba, na kama una mpango wa friji au taa za ziada juu panda zaidi.

Sasa fyuzi. Fyuzi inalinda WAYA, sio balbu wala redio. Ukiwa na waya ya ampea 8.75 na fyuzi ya 30, siku ikipiga shoti kitakachoungua ni waya na fyuzi itakuwa nzima inakutazama. Kuna mtego mmoja mkubwa kwenye hizi gari: fyuzi za kioo za Lucas zimeandikwa 35, watu wanapohamia fyuzi bapa wanaweka 35 au 30 (ile ya kijani) kwa sababu ndo namba waliyoikuta. Aisee, ile 35 ya Lucas ni ampea za kukatikia, uwezo wake wa kubeba muda wote ni 17. Fyuzi bapa yenyewe namba iliyoandikwa ndo ya kubeba. Kwa hiyo mbadala wake ni 15, ile ya bluu, na ukishagawa mzigo kwenye boksi jipya sehemu nyingi utaishia na 10 nyekundu au chini yake.

Na fyuzi mkuu weka karibu kabisa na betri. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kiwe kifupi. Kebo ya stata peke yake ndo inaenda bila fyuzi, hiyo ifunike vizuri na isiguse kona ya chuma popote.

HATUA YA 4: HASI
Kama una muda wa kufanya hatua moja tu, fanya hii. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, chesesi ni chuma, na boliti zinazoviunganisha ni chuma. Aluminiamu na chuma vikikutana na maji ya chumvi vinakulana, unatokea ule unga mweupe, na ule unga haupitishi umeme. Halafu taa zako za nyuma zinategemea hasi ipite hapohapo! Ndo maana unakuta taa hafifu, unabadilisha balbu, unabadilisha swichi, wapi.

Mimi sitegemei bodi. Navuta waya nyeusi kutoka kila taa mpaka sehemu moja ya kukusanyia, moja mbele, moja nyuma, na moja nyuma ya dashi, halafu hizo zote zinarudi kwenye chesesi kwa waya nene. Kwenye chesesi kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga na wosha ya meno, kisha paka grisi juu. Grisi baada ya kufunga. Usisahau mkanda wa injini kwenda chesesi, injini imekaa kwenye raba, bila huo mkanda umeme wa stata unatafuta njia nyingine na inaweza kuwa kebo nyembamba kama ya choki.

HATUA YA 5: RILEI ZA TAA KUBWA
Kwenye wayaringi ya kiwandani umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani, ndo maana swichi zinayeyuka. Weka rilei mbili, ya full na ya dim. Pini 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 86 inapokea ile bluu ya zamani kutoka swichi (yenye mstari mweupe kwa rilei ya full, yenye mwekundu kwa ya dim), 85 ni hasi. Swichi sasa inabeba umeme kidogo wa kuamsha rilei tu. Utashangaa mwanga, na hujanunua balbu mpya.

HATUA YA 6: KULAZA NA KUUNGA
Kila tundu la bati lenye waya liwe na raba, bila hiyo bati linakata ganda taratibu na shoti itatokea uko njia ya Morogoro usiku. Waya zisipite karibu na eksozi. Kabla ya kuingia kwenye taa acha waya ishuke kidogo ndo ipande, maji yadondokee hapo. Maungio: bana kwa terminali, vuta kwa nguvu ujaribu, funika na mpira wa kusinyaa. Kusokota na kuzungushia tepu ndo kulikokufikisha hapa.

HATUA YA 7: KUWASHA
Usirudishe betri kwa pupa. Toa fyuzi zote, zima kila kitu. Funga chanya, halafu kati ya hasi ya betri na kebo yake weka balbu ya wati 21. Ingiza fyuzi moja moja. Balbu ikiwaka kwa nguvu wakati kila kitu kimezimwa, hiyo njia ina shoti, na hakuna kilichoungua kwa sababu balbu hairuhusu hata ampea 2 kupita. Ukimaliza zote ndo funga betri kamili. Washa gari, pima kwenye betri: volti 13.8 mpaka 14.4 altaneta inachaji. Ikibaki 12.6 au inashuka, haichaji.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbagala: Mkuu somo zuri sana. Mimi fundi kaniwekea fyuzi moja ya 30 gari zima anasema ndogo zinakatika katika. Ni sawa?
Jibu: Sio sawa kaka. Fyuzi ikikatika inakuambia kuna kitu, yeye kaifunga mdomo. Gawa njia, weka fyuzi ndogo kila njia, itakayokatika ndo yenye tatizo, fuata waya yake. Na fyuzi moja maana yake waipa ikipiga shoti na taa zinazima ukiwa barabarani.

Binti Landy: Nimeweka balbu za LED kwenye indiketa sasa haziblinki, zinawaka tu. Balbu ni feki?
Jibu: Hapana dada, balbu zako nzima. Ile flasha ya zamani (kidude kinachofanya indiketa ziblinki) inafanya kazi kwa joto la umeme wa balbu mbili za wati 21. LED inakula kidogo, flasha haipati joto. Tafuta flasha ya elektroniki ya LED, angalia pini zake zilingane, basi.

Kijana wa Tegeta: Taa ya chaji kwenye dashi iliungua sikuibadilisha, na betri inakufa kila baada ya siku chache. Vinahusiana?
Jibu: Sana tu. Altaneta za Lucas zinaamshwa na umeme unaopita kwenye hiyo balbu ya wati 2.2. Balbu ikifa altaneta inaweza isiamke. Usiweke LED hapo, weka balbu ya kawaida. Ila kabla hujanunua altaneta badilisha hiyo kwanza, ni hela ya chai.

Mzee wa Pugu: Mwanangu, mimi ni Land Cruiser ya dizeli ina betri mbili. Naweza kufuata hili somo lako?
Jibu: Shikamoo mzee. Kanuni za unene wa waya, fyuzi na hasi ni zile zile, rangi sio hizo. Kwanza hakikisha gari ni volti ngapi. Betri mbili zikiunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi ni 12, chanya ya moja ikienda hasi ya nyingine ni 24. Soma na balbu za taa zimeandikwa ngapi. Ukikuta 24 basi rilei, balbu na flasha vyote vinunuliwe vya 24, na usikubali mtu akuchukulie umeme wa redio kwenye betri moja kati ya hizo mbili, ile inaisha na nyingine inachajiwa kupita kiasi.

Dizeli Tupu: Hita zangu zote nne (zile plagi za kupasha injini ya dizeli kabla ya kuwaka) zimekufa siku moja, inawezekana kweli?
Jibu: Imekufa moja. Kwenye dizeli za zamani zile hita zimefungwa kwa mfuatano, umeme unatoka kwenye moja unaingia nyingine, ikikatika moja zote kimya. Pima moja moja kwa mita, isiyo na mawasiliano ndo mbovu.

Mdau wa Mbagala: Samahani narudi tena. Nikikanyaga breki usiku taa ndogo za mbele nazo zinacheza, na indiketa ya nyuma inawaka hafifu. Trafiki kanisimamisha kwa hiyo.
Jibu: Hasi ya nyuma imekatika kaka, umeme wa breki unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine. Usifungue dashi. Chukua waya ndefu, upande mmoja shika kwenye hasi ya betri, mwingine gusisha kwenye kikombe cha taa ya nyuma, mwambie mtu akanyage breki. Ikitulia, nenda hatua ya 4, anza na taa za nyuma.