Kusoma dirhamu ya Warasuli wa Yemen, hatua kwa hatua

Ukiishika dirhamu, yaani sarafu ya fedha, ya Warasuli, ukoo wa masultani wa Yemen, kwa mara ya kwanza, unaweza kukata tamaa: Kiarabu kisicho na nukta, ukingo umelika, herufi zimebanana. Usikate tamaa. Anayezungumza Kiswahili tayari anajua nusu ya kilichoandikwa pale, kama utakavyoona kwenye mwaka.

Kwanza andika kwenye karatasi miaka ya utawala wao: 626 hadi 858 Hijria, yaani 1229 hadi 1454. Mwaka 1229 Umar bin Ali, naibu wa Waayubi, ukoo uliotawala Yemen kabla yake, aliachiwa Yemen asimamie, naye akaifanya yake. Mwaka 1454 Watahiri, ukoo mwingine wa watawala, wakawaondoa wazao wake. Iweke karatasi hiyo karibu.

Hatua ya 1: Usiisugue. Niliwahi kusafisha sarafu moja kwa ndimu na majivu. Iling'aa, lakini neno la mwisho la mwaka lilifutika, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Maji safi na brashi laini vinatosha. Kisha mulika taa kutoka ubavuni ili herufi zitoe kivuli.

Hatua ya 2: Tafuta picha. Sarafu nyingi za karne ya 14 zina alama ya mji zilikopigwa. Samaki ni Aden, ndege ni Zabid, simba ni al-Mahjam, mtu aliyeketi ni Taizz. Napenda sana hili: hata asiyejua kusoma aliweza kujua fedha yake imetoka wapi.

Hatua ya 3: Soma jina, usiishie kwenye lakabu. Tafuta *al-Malik* (mfalme), lakabu hufuata. Ila lakabu zilirudiwa. Al-Ashraf Umar hakufikisha hata miaka miwili (1295–1296), al-Ashraf Ismail akatawala 1377 hadi 1400. Jina la mtu na la baba yake ndiyo yanayokata shauri. Ukikuta Ali bin Dawud, huyo ni al-Mujahid, sultani aliyempokea Ibn Battuta kule Taizz, kabla msafiri huyo hajapanda chombo Aden kwenda Zeila, Mogadishu, Mombasa na Kilwa.

Jina la khalifa lisikupe tarehe. Khalifa al-Musta'sim aliuawa na Wamongoli Baghdad mwaka 1258, lakini Yemen iliendelea kumtaja kwenye sarafu baada ya hapo.

Hatua ya 4: Mwaka. Pembezoni tafuta neno *sana*, kisha soma kwa sauti: *arba'in, khamsin, sittin, sab'in*. Umesikia? Arobaini, hamsini, sitini, sabini. Na *mi'a* ni mia. Mpangilio tu ndio umegeuzwa: mamoja hutangulia, halafu makumi, halafu mamia. *Thalath wa sittin wa sab' mi'a* ni tatu na sitini na mia saba, yaani 763.

Mtego mkubwa ni saba na tisa. Bila nukta, maneno hayo mawili hufanana mno. Kwenye mamia usihangaike: dola iliisha 858, kwa hiyo mia tisa haiwezekani. Kwenye makumi, rudi kwa jina. Sultani al-Afdal alifariki 778 Hijria, basi yake ni sabini. Al-Ashraf Ismail alishika 778 hadi 803. Kwake, mamoja yasipokuwa nane wala tisa, soma tisini.

Hatua ya 5: Geuza mwaka. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. Kwa 763 utapata 1362. Kwenye daftari, hata hivyo, andika 763/1361–62, kwa kuwa mwaka huo ulianza mwishoni mwa Oktoba 1361. Neno usiloweza kulisoma liachie nafasi wazi, usilijaze kwa kukisia. Sarafu nyingine ya mji huohuo na sultani huyohuyo inaweza kuwa nalo likiwa zima.